Waziri Jaffar na Flopi za Baba

Mke wangu huiita Marehemu. Ni kompyuta ya aina ya 486, ganda lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku, nami niliinunua miaka minne iliyopita katika mnada wa vifaa chakavu vya ofisi moja ya umma kwa bei isiyofika ya kuku wawili wa kienyeji. Kila Ijumaa usiku, nikishamaliza kusahihisha insha za wanafunzi, huiwasha. Inakohoa, inahesabu kumbukumbu zake, kisha inanisubiri na kistari kimoja kinachomweka juu ya weusi. Ninaandika neno moja, nagonga, na kijana mwenye nguo nyeupe anatupwa shimoni.

Ndugu msomaji, uliyezoea kukutana nami katika mambo ya bajeti na katiba, naomba unistahimilie leo.

Mchezo wenyewe ni Prince of Persia. Sultani yuko vitani ughaibuni. Waziri wake, Jaffar, ametwaa madaraka, na amempa binti wa Sultani saa moja tu: akubali kuolewa naye au afe. Kijana aliyependwa na binti huyo yuko gerezani, na mchezaji anazo dakika 60 za kumtoa huko chini hadi juu ya mnara. Ni dakika za kweli, za saa ya ukutani. Ukianguka na kufa hurudi mwanzo wa ngazi uliyopo, lakini muda uliokwisha haurudi nawe. Sijui kisa kingine cha kompyuta kinachohitaji tafsiri kidogo kama hiki kwa msomaji wa Kiswahili. Sultani, waziri, madaraka yaliyochukuliwa mwenye nayo akiwa safarini: maneno tunayo, na mambo yenyewe si mageni.

Mtunzi wake ni Mmarekani, Jordan Mechner, aliyekitoa mwaka 1989 kwa kompyuta za Apple II. Alimrekodi kwa video mdogo wake, David, akikimbia na kuruka, kisha akaichora upya kila hatua. Ndiyo maana mpaka leo kijana yule anakimbia kama mtu, si kama karagosi. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa kilobaiti 128. Picha moja ya simu yako haingii humo. Mechner alipotaka kuongeza adui wa namna nyingine, nafasi ilikuwa imekwisha, hivyo akachukua picha zilezile za shujaa na kuzigeuza kwa hila ndogo ya hesabu hadi akapatikana mtu wa kivuli. Kivuli huyo hutoka katika kioo, hukuibia dawa, hukufungia lango. Mwishoni mnakabiliana kwa panga, na kila unapomchoma yeye, uhai unaopungua ni wako. Hupiti mpaka urudishe upanga alani na kumwendea mikono mitupu.

Ilinichukua miezi kuligundua hilo, mwaka 1994, nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, katika ofisi ya Baba.

Baba alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya umma mkoani. Wasomaji vijana huenda hawajui kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na seti za televisheni, baada ya jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika kompyuta kuvurugika vibaya. Marufuku ile ilipolegea, mashine zikaanza kuingia kwa mlango wa miradi ya wafadhili. Ofisini kwa Baba ilifika moja. Ilifunikwa kitambaa cha kufumwa, ikawekwa katika chumba pekee chenye kiyoyozi, na kwa kuwa wakubwa waliiogopa, akakabidhiwa karani. Mtaalamu wa mradi alimfundisha kwa wiki mbili, akaondoka, akiacha ndani ya mashine ule mchezo.

Baba akapewa kazi ya kuingiza orodha ya watumishi wote: jina, cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara wa kuanzia. Alifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, akinakili jalada moja baada ya jingine kwa vidole viwili. Jumamosi alinichukua nimsomee majina. Tukimaliza herufi moja ya alfabeti, aliniachia kiti nusu saa nikacheze. Mwenyewe alisimama nyuma yangu, akasema mchezo ule ni wa kipuuzi, na kijana alipokaribia shimo alinishika bega kwa nguvu.

Baada ya ngazi ya kwanza mchezo ulikuwa na mtego. Ulikuleta katika chumba chenye chupa nyingi za dawa, kila chupa na herufi yake, ukakutaka unywe ile yenye herufi ya neno fulani katika ukurasa fulani wa kitabu kilichouzwa pamoja na mchezo. Ilikuwa namna ya kuthibitisha kwamba hukuiba nakala. Sisi kitabu hatukuwa nacho. Tulibahatisha.

Baba alistaafu mwaka 2006. Hesabu ya mafao ilipotoka, miaka tisa ya utumishi wake haikuwemo. (Wanaonijua wanajua nimeandika mengi juu ya kikokotoo, sasa wanajua kisa.) Jalada lake halikuonekana. Ofisi ilikuwa imehama jengo mara mbili, na katika hama hama hizo karatasi zililala nje msimu wa mvua. Kompyuta ya mradi ilikwisha kuondolewa zamani, hakuna aliyejua ilikokwenda. Mtu aliyeandika tarehe ya kuajiriwa ya kila mwenzake akawa hana ya kwake. Alikwenda, akaambiwa njoo kesho, kwa miaka sita. Alifariki mwaka 2012 na faili ya barua alizoandika ina unene wa msahafu.

Mwaka huohuo aliofariki, Mechner aliuweka hadharani msimbo wa Prince of Persia ili yeyote ausome. Alidhani umepotea, mpaka baba yake alipoukuta ndani ya boksi nyumbani, katika flopi za zamani, na watu wenye mapenzi na mashine hizo wakakaa kuzisoma polepole mpaka zikatoa kilichomo. Tangu 2002 ipo programu ya bure, DOSBox, inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani ili michezo kama hii iendelee kuchezwa. Mwaka 2015 maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive iliweka zaidi ya michezo 2,000 ya DOS, wazi kwa kila mtu. Kazi kubwa katika haya imefanywa na watu waliokuwa wakipenda tu kucheza. Nilipolijua hili nilikasirika siku kadhaa, na hasira yangu haikuwa juu yao.

Mwaka jana Mama alihama chumba, akanikabidhi kopo la biskuti. "Haya ni ya baba yako, mwanangu. Alisema nisitupe." Ndani mlikuwa na flopi tano zilizofungwa kwa mpira, kila moja na lebo ya mwandiko wake.

Flopi ni utepe wa sumaku uliokatwa duara. Joto, unyevu na ukungu huila taratibu, na kisomeo kichafu huikwaruza. Nilisafisha kichwa cha Marehemu kwa spiriti, nikaanza na ile yenye ukungu kidogo. Mashine ilinguruma, ikaniuliza niache, nijaribu tena, au nikubali kushindwa. Nikajaribu tena. Flopi mbili hazikusema kitu. Ya tatu ilikuwa na nakala ya mchezo; kumbe yule aliyeuita wa kipuuzi aliuhifadhi. Ya nne, mara ya saba hivi, ilifunguka. Orodha ya watumishi, herufi A hadi M, ya mwaka 1994. Jina la Baba lipo. Tarehe ya kuajiriwa ni ileile aliyoisema miaka yote.

Niliichapa, nikaipeleka. Afisa aliyenipokea ni kijana mwenye adabu, aliyewahi kusoma chuoni petu. "Shikamoo, Daktari." Akaisoma karatasi hadi mwisho, kisha akauliza muhuri uko wapi. Nikamwonyesha flopi na tarehe ya faili. Akasema, kwa upole, kwamba tarehe ya faili mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Ningependa kusema alikuwa mkaidi. Lakini katika mashine ya DOS kuibadilisha tarehe ni kazi ya neno moja, nami ndiye niliyemfundisha darasani kutopokea ushahidi kwa sababu tu ameuleta mtu anayemheshimu. Alichoweza kuniahidi ni kwamba akipatikana mtu mwingine wa orodha ileile ambaye jalada lake halikupotea, na tarehe zikalingana, kuna pa kuanzia. Wakiwa wengi, bora zaidi.

Orodha ina majina 131. Nimekwisha kuwapata watumishi kumi na mmoja walio hai, na warithi wa wengine saba. Wanne kati yao wamenionyesha barua zao za ajira zenye muhuri, na tarehe za Baba ni sahihi hadi siku. Watatu wana tatizo lilelile la miaka kupotea, na hawakujua kwamba popote pameandikwa vinginevyo. Flopi ya tano, ya N hadi Z, bado haijasomeka. Nimeihifadhi katika mfuko mkavu pamoja na mchele hadi apatikane mwenye kifaa bora kuliko changu. Keshokutwa nakwenda Kilosa kuonana na mama mmoja aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi ile. Ameniambia kwenye simu kwamba anamkumbuka mtoto aliyekuwa akiletwa Jumamosi kuruka mashimo.