Chujio la Kufaa Tangi la Samaki wa Bahari

Mkaaji wa pwani akitaka kufuga samaki wa bahari huyachota maji baharini. Sisi tukaao Bujumbura, ingawa tuna ziwa kubwa mlangoni, hatuna bahati hiyo. Maji ya Tanganyika ni matamu, na samaki wa matumbawe akitiwa humo hufa. Hapana budi maji yatengenezwe nyumbani, takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, tena si chumvi ya jikoni bali ile iliyochanganywa na madini mengine ya baharini. Tangi letu, lenye urefu wa sentimita 200, upana wa 70 na kimo cha 70, huchukua karibu lita 980. Kwa hiyo lilihitaji zaidi ya kilo 34 za chumvi hiyo. Mwenye kulipia mzigo kama huo hapendi kuyamwaga maji ovyo. Ndiyo maana suala la chujio lilitushughulisha nyumbani kwa miezi mitatu.

Wengi hudhani kazi ya chujio ni kuondoa taka zionekanazo. Hiyo ndiyo kazi ndogo. Samaki hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa mradi isilimbikizane. Bakteria hao huhitaji makao, hewa na muda wa kuzaliana, aghalabu majuma manne hadi sita.

Baba watoto aliupenda mtungi uliofungwa, wenye pampu ya nguvu, usio na kelele. Mimi niliupinga kwa ajili ya umeme, kwani wetu hukatika bila kuaga. Pampu ikisimama, bakteria waliosongamana ndani ya mtungi huimaliza hewa iliyomo, kisha huanza kufa. Umeme urudipo, uozo wote husukumwa tangini. Mwenzangu alisema jirani ana jenereta. Nikamwuliza ni nani atakayeamka saa tisa za usiku kwenda kumbishia jirani hodi kwa sababu ya samaki.

Njia ya pili ni chujio la matone, ambamo maji hutiririka juu ya vipande vya plastiki vilivyo hewani. Chujio hilo lilienea sana Marekani katika miaka ya 1980. Huimaliza amonia upesi, bali huishia kwenye nitrati, ambayo kwa kawaida huondolewa kwa kubadilisha maji. Na kubadilisha maji ndiko kununua chumvi.

Njia ya tatu ina asili ya karibu na bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza jinsi alivyotunza samaki na matumbawe kwa mawe ya baharini yenye uhai na viputo vya hewa tu. Baadaye wafugaji wa Berlin waliongeza chombo cha kuengua povu. Mama apikaye nyama anaifahamu kazi hiyo: povu likipanda, huliengua kabla halijarudi mchuzini. Chombo hicho hupuliza viputo vidogo sana, uchafu ukajishika navyo na kupanda kikombeni kabla haujaoza. Nao bakteria wakaao ndani kabisa ya mawe, kusikofika hewa, huigeuza nitrati kuwa gesi, ikatoka majini.

Tulikubaliana juu ya njia hiyo. Hata hivyo, mawe yenye uhai hutoka kwenye miamba ya matumbawe, nami sikutaka sebule yangu ipambwe kwa kubomoa makao ya samaki wengine. Tukaagiza mawe makavu ya matumbawe ya kale, yachimbwayo nchi kavu huko pwani. Tuliyaosha, tukayatia majini, tukawa tunadondosha chakula kidogo cha samaki kila siku ili bakteria wapate riziki. Tulingoja majuma manane, hata vipimo vya amonia na nitriti vikaonyesha sifuri, ndipo tukaleta samaki wawili wa kwanza.

Tangi dogo la chini, lenye pampu na chombo cha povu, tuliliachia nafasi ya kupokea maji yateremkayo umeme ukatikapo. Tukanunua pia pampu ndogo ya hewa itumiayo betri. Usiku mmoja tulikaa gizani kwa saa 11. Samaki walipumua kwa haraka karibu na uso wa maji, na watoto wakakataa kwenda kulala. Kulipopambazuka wote walikuwa hai. Tangu siku hiyo baba watoto ndiye aoshaye kikombe cha povu, wala hataki mtu mwingine akiguse.

Basi msomaji mwenye nia kama yetu, kabla hujauliza bei ya chujio, hesabu kwanza saa ambazo nyumba yako hukaa bila umeme, kisha chumvi uwezayo kununua kila mwezi. Ukishayajua hayo mawili, utajua pia ni chujio gani la kuliacha dukani.