Marangu, mahali ambapo baba ni ‘mgumu’

Ukipanda gari la abiria Moshi mjini asubuhi, ukafika Himo na kukata kushoto kuanza kupanda, kitu cha kwanza kinachobadilika ni hewa. Joto la tambarare linabaki nyuma, migomba inasogea hadi ukingoni mwa lami, na kabla hujafika Marangu Mtoni abiria wenzako wameshafunga madirisha na kuvaa masweta.

Kutoka Mtoni barabara inaendelea kupanda katikati ya vihamba, yale mashamba ya familia ambako mgomba, mbuni na kaburi la babu vinakaa pamoja, mpaka inapoishia kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro. Hapo watalii hupiga picha, hujaza majina yao kitabuni na kukaza kamba za viatu. Pembeni yao kuna wanaume wanaosubiri mizigo ipimwe kwenye mizani. Hao ndio niliowafuata.

Jina lao huku ni ‘wagumu’. Kwa lugha ya ofisini ni wapagazi. Kanuni inataka mzigo wa mgumu mmoja usizidi kilo 20, na ukishapimwa unapanda kichwani au mabegani: mahema, majiko, chakula, begi la mgeni. Kwa njia ya Marangu safari ya kwenda na kurudi huchukua kama siku tano au sita, ikipita vituo vya Mandara, Horombo na Kibo.

Na nyuma ya kila mgumu, huko chini vihambani, kuna mtoto anayehesabu siku.

Baba yangu kuliko baba yako

Hakuna mzazi ambaye hajawahi kusikia ubishi huu nje ya nyumba: baba yangu ana nguvu kuliko baba yako. Mjini baba anashinda kwa sababu anaendesha gari kubwa. Pwani anashinda kwa sababu anazamia kina kirefu. Marangu anashinda kwa sababu ya mlima.

Katika nyumba moja niliyokaribishwa nilikuta binti wa miaka kama sita ambaye amewaambia wenzake shuleni kwamba baba yake ‘anabeba mlima’. Mama yake alicheka akisimulia, lakini ukimsikiliza mtoto unaona hakutunga. Kila safari humwona baba akitoka na furushi kichwani, akipanda kuelekea kwenye ukungu, na baada ya siku kadhaa akitokea tena kwenye ukungu huohuo. Kwa akili ya miaka sita, mtu wa namna hiyo anaweza kubeba chochote.

Nilidhani watoto wa huku wangenisimulia habari za kileleni, theluji na mita 5,895. Hawakunisimulia. Wagumu wengi hawafiki kileleni. Kazi yao huishia kambi ya mwisho, ambako hubaki kuandaa chakula na kusubiri wageni washuke na waongozaji. Shujaa wa nyumba ile hajawahi kusimama kwenye Kilele cha Uhuru, na binti yake hajali.

Anachojali nilikielewa nilipomuuliza baba anarudi lini. Alinyoosha vidole viwili. Baba alisema Ijumaa, na siku zilizobaki zilikuwa mbili. Akirudi huwa na biskuti au pakiti ya juisi aliyoibakiza kwenye chakula chake. Biskuti hiyo hiyo inauzwa dukani pale Mtoni, ila ya dukani haijatoka mlimani, tena haijabakizwa na mtu aliyekuwa na njaa akamkumbuka yeye.

Ushujaa unaanzia wapi

Wataalamu wa makuzi ya mtoto wanaeleza kwamba kuanzia karibu na mwaka mmoja, mtoto akikutana na kitu asichokijua humtazama kwanza mzazi usoni. Uso ukitulia, mtoto anasogea. Uso ukiogopa, mtoto anarudi. Baba anayemrusha mtoto juu na kumdaka anafanya zaidi ya kucheza: mtoto anaogopa kidogo, anadakwa, anacheka, anaomba tena. Anajifunza kwamba hofu ina mwisho, na kwamba mwisho huo una mikono ya mtu anayemjua.

Ndiyo maana mtoto mdogo hapimi baba kwa cheo wala mshahara. Anapima mambo mawili tu: ukiwepo, naogopa kidogo, ukiahidi, unarudi. Baba wa Marangu akisema Ijumaa na akaonekana Ijumaa, ameshinda mashindano ambayo hata hajui kama yalikuwepo.

Kinyume chake nacho kinajulikana mkoani Kilimanjaro. Wanaume wengi wa huku hutafuta maisha Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, na Desemba barabara ya kurudi nyumbani hujaa magari. Mtoto wa baba wa Desemba naye humwona baba yake shujaa, mwanzoni hata kuliko wenzake, kwa kuwa asiyeonekana huwa mkubwa kwenye mawazo. Shida huja ahadi zinapoanza kuhesabika: aliyesema atapiga simu Jumapili hakupiga, aliyesema atakuja Pasaka hakuja. Mtoto hasemi kitu. Anaacha tu kunyoosha vidole.

Mgumu halii

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo kuna swali nisingeweza kuliacha: shujaa huyu akiumwa, inakuwaje?

Kilimanjaro haina huruma na mtu kwa sababu amezaliwa chini yake. Vijiji vya Marangu viko chini sana ukilinganisha na Kibo, kambi iliyo karibu mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hushuka, na kileleni kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa ufukweni. Mwili unahitaji muda kuzoea. Usipopewa muda huo, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakata. Ikizidi, maji hujaa kwenye mapafu na mtu hukosa pumzi hata akiwa ameketi, au ubongo huvimba akaanza kuyumba na kuongea yasiyoeleweka. Hapo dawa ya kwanza ni kushushwa chini mara moja, usiku au mchana. Anayebisha anaweza kufa, awe mgeni au mgumu.

Wagumu wanalijua hilo vizuri. Lakini mwanaume anayelipwa kwa safari, mwenye ada ya shule inayomsubiri, ana sababu nyingi za kumeza maumivu ya kichwa na kunyamaza. Nilioongea nao walikiri kwamba mtu husema ‘niko poa’ mpaka miguu inapokataa. Jina lenyewe linamfunga: ukishaitwa mgumu, utalalamikaje?

Na watoto wanatazama. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni. Waliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu la mpira. Watoto hao walipoachwa na sanamu, wengi walirudia vitendo vilevile na hata maneno yaleyale. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Walitazama tu.

Marangu sihitaji sanamu kuliona hilo. Wavulana hutwisha vichwani vifurushi vya majani ya ng’ombe kwa mtindo wa baba zao, shingo imenyooka, mkono mmoja juu. Inapendeza kuwaona. Lakini mama mmoja alinieleza habari ya mwanawe wa miaka minane aliyekanyaga msumari akakaa siku tatu bila kusema. Mguu ulipovimba ndipo walimu wakagundua. Alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema yeye ni mgumu, na mgumu halii.

Mtoto huyo alitibiwa akapona. Ila fikiria pepopunda ingemkuta bila chanjo, au usaha ungepanda. Alikuwa amemuiga shujaa wake kwa uaminifu kabisa.

Baba wa mtoto huyo, mama alisema, hakumkaripia. Wiki iliyofuata alimchukua wakaenda wote zahanati, baba akakaa kwenye kiti na kupimwa shinikizo la damu mbele ya mwanawe. Sindano ya damu ilipomchoma alisema kwa sauti kwamba inauma. Tangu hapo, mama anasema, kijana akijikwaa anakuja na kidonda mkononi kama anayeleta barua.

Ninapenda baba wengi wa kwetu wasikie habari hii. Tafiti za kitaifa za VVU zimeonyesha wanaume wako nyuma ya wanawake katika kujua hali zao, na muuguzi yeyote wa zahanati atakuambia benchi la kusubiri limejaa kina mama. Wanaume wa Tanzania pia huishi miaka michache kuliko wanawake. Baba asiyeumwa kamwe ni mzuri kwenye hadithi. Nyumbani ni hatari, kwanza kwake, halafu kwa wanaomuiga.

Majina yanayobaki

Langoni Marangu wageni husomewa historia. Hans Meyer wa Ujerumani na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kileleni Oktoba 1889. Yohani Kinyala Lauwo wa hapa Marangu, aliyefariki mwaka 1996 akiwa mzee sana, anatajwa kuwa mmoja wa waliowaongoza njia. Usiku nchi ilipopata uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika mwenge na bendera kileleni. Ni majina ya kujivunia, na ni vizuri watoto wayajue.

Waliobeba hema, kuni na maji katika safari zote hizo wengi wao hawana ubao. Ubao wao ulikuwa mtoto aliyekuwa akisubiri nyumbani. Jambo hilo linamhusu kila baba anayesoma hapa kwenye simu yake, awe dereva, mwalimu, mlinzi wa usiku au fundi: Taifa huenda lisilijue jina lako kamwe, lakini yuko mtu mmoja mdogo ambaye tayari amekuandika.

Ufanye nini na ushujaa uliopewa bure

Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inazungumzia mambo matano: afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Hakuna hata moja linalomsubiri baba awe tajiri.

Kutokana na niliyoyaona Marangu, ningeongeza matatu ya kuanzia wiki hii. Kwanza, ahidi kidogo na utimize. ‘Nitakuja Jumamosi saa kumi’ iliyotimia ina uzito kuliko ‘nitakununulia baiskeli’ isiyo na tarehe. Ukiona huwezi kurudi siku uliyosema, piga simu mapema na uongee na mtoto mwenyewe, usimtume mama.

Pili, mtoto akuone unatibiwa. Nenda naye siku ya kliniki ya mdogo wake, pima shinikizo la damu akiwepo, mweze kusema umechoka au unaumwa bila kuona haya. Hatakuona dhaifu. Atajua kwamba hata mtu mwenye nguvu huomba msaada.

Tatu, usingoje awe mkubwa ndipo mzoeane. Ikifika miaka kumi na mitatu, kumi na minne, ataanza kuona kasoro zako zote: deni la duka, sauti unayoipandisha, safari uliyosema utaenda hukwenda. Hilo ni jambo la kawaida katika kukua. Wakati huo hutabaki kuwa mtu wa kubeba mlima. Utabaki na siku ulizosema utarudi, na ukarudi kweli.