Tope la Rufiji: Mafuriko Huchukua na Huleta

Mwezi wa Juni mwaka 2024, sisi na vijana saba wa chuo chetu tulitoka Dar es Salaam kwenda bonde la Rufiji. Mnamo Aprili mto ulikuwa umefurika, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na baadhi ya jamaa zetu walipoteza mavuno yao yote. Tuliwachukulia unga, nguo na mbegu kidogo. Njiani tuliwaambia vijana kwamba mafuriko ni msiba mtupu, usio na chembe ya heri. Neno hilo tulilisema kwa yakini. Nasi huko bondeni ilitupasa kulifuta.

Tulipita Kibiti na Ikwiriri, tukafika penye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Maji yalikuwa yamerudi katika mkondo wake, lakini alama zake zilionekana bado katika vigogo vya miembe. Mahindi ya masika yalikuwa yamelala chini, yameoza. Walakini katikati ya uharibifu huo tulimkuta mama mmoja mtu mzima sana, ameinama na jembe lake, akipanda mahindi na kunde katika tope bichi.

"Pole sana, Mama, kwa msiba," tulimwambia baada ya maamkizi.

"Tumekwisha poa, Maalim," alijibu. "Maji yamekula shamba langu la masika, na dungu langu nililokuwa nikilalia yamelichukua. Lakini tazameni yalichoniachia." Akachota tope kiganjani, jeusi na laini, akamtilia kijana mmoja mkononi. "Hii ndiyo mbolea yangu. Hapa twapanda mlau maji yakishuka. Mwaka mto usipotoka, kunde huwa haba, na maziwani samaki huadimika."

Kijana akauliza, "Bibi, tope hili latoka wapi?"

"Latoka juu, kwa wenzetu, mjukuu wangu."

Naam, bibi yule alisema kweli. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, mito inayotoka mbali katika nyanda za juu. Mvua kubwa inaponyesha huko, huosha majani yaliyooza, samadi na udongo wa juu, na vyote huteremkia mtoni. Ndani yake mna vyakula vya mimea, na vikubwa ni viwili: naitrojeni na fosforasi. Naitrojeni nyingi huyeyuka majini kama chumvi; fosforasi hupenda kung'ang'ania chembe ndogo za udongo. Wakati wa kiangazi maji huenda polepole, nayo huchukua kidogo. Lakini siku za mafuriko nguvu ya maji huinua tope, na siku chache zaweza kupitisha rutuba iliyo sawa na ya miezi mingi.

Maji yakiruka kingo hupunguza mbio. Mchanga mzito hutua kwanza karibu na mto, kisha tope laini hutandazwa mbali mashambani. Maziwa ya bondeni, kama Utunge, Ruwe na Zumbi, huungana na mto, na samaki huingia kula na kuzaa. Mabaki huendelea hadi kwenye mikoko ya delta, wakuliako kamba wadogo, na mwisho hufika bahari ya Mafia. Basi mvua ya Iringa ina fungu katika sufuria ya mvuvi wa pwani.

Sasa mto umewekewa kizuizi. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa umeme wa megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba mwaka 2022. Umeme ni neema, wala hatuukatai. Lakini maji yakituama bwawani, tope huzama chini, na yatokayo ni meupe na maskini. Wamisri waliyaona haya katika Nili. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, tope lilikoma kufika mashambani, wakulima wakazidi kutegemea mbolea ya viwandani. Na dagaa wa bahari ya karibu na delta walipungua mno tangu mafuriko yalipozuiwa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo yawapasa wenye funguo za bwawa kuufungulia mto kwa kipimo na kwa majira yake, na kuwapa watu habari mapema. Nasi yatupasa kujenga nyumba na vyoo mahali pa juu, na kuacha kufyeka miti ya kingoni; kwani mto uliovuliwa miti hula ardhi ya mwenye shamba, na mbolea ikizidi majini huotesha uchafu wa kijani unaowanyima samaki pumzi.

Jioni, kabla ya kuagana, vijana walishika majembe wakamsaidia bibi kumaliza mistari yake. Tukawakumbusha mfano wa mafuriko na povu katika Surat Ar-Raad, ambao tumeusomesha miaka mingi. Na siku hiyo maana yake tuliishika mikononi mwetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awape subira waliopotelewa na mali, azibariki mbegu zilizo katika tope lile, na atujaalie sisi walimu kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.