Gitaa la jina dogo: barua kutoka Nürnberg

Mpwa wangu,

Nimeipata picha ya gitaa jekundu na swali lako: mjomba, hii chapa ni ya kweli au ni ya kuwauzia wajinga, na mbona bei ndogo hivi? Nakujibu hapa gazetini kwa sababu najua huulizi peke yako. Huko Mombasa, kuanzia Bombolulu mpaka Utange, kuna vijana wanaongoja zamu ya gitaa la kuazima.

Harley Benton, jina ulilolisoma kichwani mwa gitaa hilo, ni chapa ya duka. Duka lenyewe ni Thomann, liko Treppendorf, kijiji cha karibu na Bamberg, kama saa moja kwa gari kutoka ninapokaa. Lilianza mwaka 1954, na sasa linauza ala kwa mtandao Ulaya nzima. Magitaa ya chapa yake hutengenezwa Asia, China na Indonesia zikiwemo, na kwa kuwa yanatoka kiwandani hadi dukani bila msambazaji wa katikati wa kulipwa, gitaa kavu la mwanafunzi hulikosi chini ya yuro 150. Basi bei hiyo si ya kitapeli.

Hata zile chapa ambazo hakuna anayezijua zina kwao. China iko wilaya ya milimani iitwayo Zheng'an, jimbo la Guizhou. Vijana wake walikuwa wakihamia Guangdong kufanya kazi kwenye viwanda vya magitaa. Katika miaka ya 2010 baadhi yao walirudi kwao wakafungua viwanda vyao wenyewe, na leo wilaya hiyo hutoa mamilioni ya magitaa kwa mwaka, mengi yakiandikwa majina ya wateja wa nchi nyingine. Mimi niliye ughaibuni, kisa hicho kinanigusa kuliko gitaa lolote. Tuyaache hayo.

Jina dogo wala si jambo geni kwetu Afrika. Gallotone ilikuwa chapa ya Afrika Kusini ya magitaa ya bei ya chini. Jina hilohilo lilikuwa juu ya santuri za mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, baada ya mtafiti wa muziki Hugh Tracey kumrekodi mwaka 1952. Gallotone Champion ndilo gitaa alilokuwa nalo John Lennon mjini Liverpool mwezi Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, mwenzake wa baadaye wa Beatles. Kwa masimulizi mengi liliagizwa kwa posta kutokana na tangazo la gazetini, yaani ununuzi uleule unaoufikiria wewe, bila kuligusa kwanza. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja.

Ndani ya gitaa hilo mlibandikwa lebo ya kuahidi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo ndiyo nataka uishike, maana ni habari ya hewa. Ubao hunywa unyevu ukavimba, na hukauka ukasinyaa. Kiwanda kizuri hutengeneza gitaa penye unyevu wa karibu asilimia 50. Huku majira ya baridi, mitambo ya kupasha joto nyumba hukausha hewa hata midomo ikapasuka. Ubao wa shingo husinyaa, lakini freti ni chuma, hazisinyai, kwa hiyo ncha zake huchomoza pembeni. Huko kwenu Mtopanga mambo ni kinyume. Unyevu mara nyingi hupita asilimia 70, kifua cha gitaa hutuna, nyuzi huinuka juu mpaka vidole vinauma, na chumvi ya baharini hula nyuzi mpya kabla hujazizoea.

Sasa, wapigaji wa huku wakishauri watakwambia ukwepe plaiwudi, utafute gitaa lenye kifua cha ubao mzima, kwa kuwa sauti yake hukomaa kadiri unavyolipiga. Kwa sauti, wana haki. Lakini wanasema hayo wakiwa na kipima unyevu ukutani. Plaiwudi ni matabaka yaliyogundishwa huku mishipa ya mbao ikipishana, tabaka moja likilizuia jingine lisivimbe. Kwa nyumba ya mabati, madirisha wazi na upepo wa bahari, nachagua plaiwudi, na sioni haya. Lile ulilonitumia picha yake lina kifua cha ubao mzima. Liache.

Kuna jambo jingine ambalo bei ya mtandaoni haikwambii. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa anayenunua kwa mbali siku 14 za kubadili nia na kurudisha mali. Thomann wao hutoa siku 30. Mjerumani anaponunua gitaa lisilo na jina hachezi kamari kama unavyodhani: likija bovu, analifunga na kulirudisha. Nami nilinunua hivyo, chapa nyingine ambayo sitaitaja. Sikuwepo nyumbani, na huku mtu wa vifurushi asipokukuta humwachia jirani. Nilipokwenda kulichukua, mzee wa ghorofa ya chini akataka kujua natoka wapi. Kusikia Mombasa, akaniimbia wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982, ule ambao Boney M nao waliuimba, akanihadithia likizo yake ya pwani ya Bamburi mpaka boksi likanichosha mkono. Kulifungua, ncha za freti zinakwaruza kama msasa na uzi wa sita unavuma kila nikiugusa. Likarudi lilikotoka, na hela yangu nikarudishiwa.

Wewe ukiagiza kutoka hapo ulipo, utalipa usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo, na mwisho wa hayo huna pa kulirudishia kwa gharama ya maana. Bei ileile, lakini haki iliyoisimamisha imebaki Ulaya. Kwa hiyo aliye karibu na duka ndiye anunue, nami ndiye huyo.

Likifika nitalichungulia shingo kwa jicho moja kuanzia kichwani, nione kama imenyooka. Kupinda kidogo si kitu, chuma kilichomo ndani ya shingo hukazwa au kulegezwa. Iliyojipinda kwa kuzunguka, hiyo chuma hicho hakiirekebishi. Nitapiga kila uzi kwenye kila freti, nitalikaza sawasawa na kuliacha usiku kucha nione kama litashika. Likishindwa, naomba jingine. Likifaulu litakuja na jamaa anayerudi nyumbani, nyuzi zimelegezwa, ndani ya sanduku gumu. Risiti itakuwa humo, msije mkababaika uwanja wa ndege mkiulizwa la ushuru.

Ukilipokea usianze kupiga. Liache ndani ya sanduku lake siku mbili tatu lizoee hewa ya pwani, kisha mpelekee fundi azishushe nyuzi. Kwa kazi hiyo usionee uchungu hela. Gitaa la bei ndogo lililopita mkononi mwa fundi hulishinda la bei kubwa lililotolewa kwenye boksi likapigwa vivyo hivyo. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Na usiliache kwenye gari juani, gundi hulainika na daraja likang'oka.

Kuhusu rangi: la plaiwudi jekundu lipo, lakini limezidi bei ya jeusi. Tofauti hiyo nitakununulia seti za nyuzi, kwa hiyo utaletewa jeusi.

Msalimie mamako.

Mjomba wako