Chumba cha Nanganga na Kodi ya Barabara

Basi la Masasi hupunguza mwendo Nanganga, na kabla halijasimama sawasawa madirisha yameshazingirwa na mabeseni: korosho za kukaanga, maji ya chupa, mihogo, ndizi. Bonde la Mto Lukuledi linagawanya wasafiri hapa. Mwenye safari ya Ndanda na Masasi anaendelea mbele. Wa Ruangwa na Nachingwea anakata kulia, njia ya kilomita 106 hadi mwisho wake. Kipande cha kwanza, Nanganga hadi Ruangwa, ni kilomita 53.2.

Nyuma ya fremu za barabarani, zenye vocha, saruji na dawa za mikorosho, nyumba za kupanga zimejipanga kwa safu. Tofali za kuchoma, bati linalong'aa, na ukutani maandishi ya chokaa: CHUMBA KIPO, kisha namba ya simu. Sikuhitaji kupiga. Kijana wa bodaboda aliyenishusha ndiye alikuwa dalali.

"Chumba au fremu, kaka?"

Chumba, nikamjibu, nione tu. Akanipeleka uani kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipepeta choroko. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akinyoosha mkono kuelekea mlango wa tatu. Sakafu ya saruji, dirisha la nondo, dari hakuna. Choo ni cha nje, cha vyumba vyote sita. Umeme upo, mita moja. Bei elfu ishirini na tano kwa mwezi.

"Ila kwangu ni miezi sita, mwanangu. Na huyo kijana utamalizana naye mwenyewe."

Kumalizana na dalali ni kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi karibu nchi nzima. Basi chumba cha elfu ishirini na tano kinataka laki moja na elfu sabini na tano kabla hujatandika godoro. Mshahara nao huja mwezi kwa mwezi, hivyo mwenye ajira mpya huanza maisha yake ya kazi na deni.

Nilimuuliza kwa nini asichukue kidogo kidogo. Akacheka.

"Bati linauzwa kidogo kidogo?"

Jibu lake lina hesabu ndani yake. Nyumba hii ilijengwa kwa korosho, na korosho haina mshahara. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, mzigo unaingia ghalani, mnada unapigwa kuanzia Oktoba, malipo yanakuja, kisha kimya mpaka msimu mwingine. Ndivyo Ruangwa na Nachingwea, chini ya chama kikuu chao cha RUNALI, na ndivyo upande wa Masasi. Fedha inayoingia kwa mkupuo hujenga kwa mkupuo: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, mwaka wa tatu bati. Kodi ya miezi sita ndiyo msimu wa pili wa mama huyu, usiotegemea mvua wala bei ya mnada. Sheria nayo haimzuii. Ile ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na tangu hapo kinachotawala ni makubaliano ya wawili, ambamo mwenye ufunguo ndiye mwenye sauti.

Uani palikuwa na mabishano ya chini chini kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo hukatwa humo tangu 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamkata anayenunua wa kwanza mwezi ukianza. Kwa hiyo tarehe mosi kila mpangaji hapa anategemea "units" za jana na anamsubiri mwenzake. Hela yenyewe haifiki bei ya kilo ya sukari, ila imewanunisha majirani.

Aliyenifunulia hesabu kubwa ni mpangaji wa chumba cha mwisho, karani anayefanya kazi Ruangwa. Mume wake ana fremu hapa njia panda na mtoto anasoma hapa, kwa hiyo makazi ni Nanganga. Kwa kiwango cha Desemba 2023 cha LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, basi la kawaida kwenye lami ni shilingi 48.47 kwa kilomita. Hadi Ruangwa inakaribia 2,580. Kwenda na kurudi siku 22 za kazi ni zaidi ya laki moja na elfu kumi na tatu kwa mwezi, kodi ya vyumba vinne kama hiki na chenji.

Hawezi. Kwa hiyo amepanga chumba kingine Ruangwa, na huku anarudi Ijumaa jioni, anaondoka Jumatatu alfajiri. Nikapiga hesabu ya chumba cha Nanganga peke yake: kodi 25,000, nauli za mwezi 20,640, kwa usiku kumi na mbili. Kila usiku anaolala na familia yake unamgharimu kama shilingi 3,800, na bado hajalipia cha kule.

Mzigo huu haukuwa wa mfanyakazi siku zote. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Nachingwea, kati ya 1947 na 1951, mwajiri alijenga nyumba za wafanyakazi wake, na reli ikavutwa kutoka pwani. Karanga zilishindwa, na reli ikafungwa 1962. Mtumishi wa leo anajitafutia chumba na usafiri mwenyewe, wakati lami na migodi ya kinywe wilayani Ruangwa vinazidi kuleta wageni wanaotafuta mlango uleule.

"Kwa nini usihamishie wote Ruangwa?" nilimuuliza karani.

"Fremu ina wateja hapa, kaka. Tukihama tutalipa kodi moja kwa mshahara mmoja. Tukibaki tunalipa mbili kwa vipato viwili. Tumepiga hesabu, tofauti ni elfu kumi na kitu, tunabaki."

Anayetafuta chumba Nanganga ajiulize kwanza atakuwa anafanya kazi wapi, na nauli ya huko ni shilingi ngapi. Bei ya mlango itafuata baadaye, nayo huenda ikawa ndogo kuliko nauli.