Mmea wa Marehemu

Aliporejea Nairobi kutoka Wundanyi, matanga ya mamake yakiwa yamekwisha, alikuta chungu kingali juu ya kabati. Tangu marehemu alipolazwa hospitalini hakuna aliyekikumbuka. Majani yalikuwa yameinamia ukingoni, vumbi limeshikamana na malaika yake mororo, na udongo umesinyaa hata ukaachana na kuta za chungu.

Usiku ule ule akaumiminia mmea jagi zima la maji. Maji yalipita pembeni, yakatokea chini, yakalowesha kabati. Fundo la mizizi likabaki kavu. Akainua jagi tena, kisha akasita. Huruma iliyochelewa huwa na pupa, na pupa hiyo huua upesi kuliko usahaulifu. Mmea huu hunyauka kwa kiu, na mizizi ikioza kwa maji hunyauka vivyo hivyo.

Asubuhi aliutoa taratibu. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, yenye kukatika. Michache ilikuwa ingali myeupe. Akaondoa majani yaliyokufa, akauhamishia katika chungu kidogo zaidi (wengi hudhani kikubwa ndicho kifaacho), akaifukia shingo tupu ya shina. Akakiweka chungu katika sahani ya maji vuguvugu kwa nusu saa, kwani maji baridi yakigusa majani hayo huyaachia madoa, kisha akamwaga yaliyosalia. Akakisogeza kwenye dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi. Jani moja zima alilichomeka katika kikombe cha udongo, endapo mama mtu angekufa.

Mmea wenyewe si mgeni. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, aliupeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akauita Saintpaulia. Ndugu yake mmoja humea katika msitu wa Mbololo, huko huko Taita. Marehemu alizaliwa karibu na vilima hivyo, akaja kuununua wa kwake kando ya barabara ya Nairobi.

Wiki ya sita jani changa lilichungulia katikati, dogo kama ukucha. Mwezi wa tatu kile kikombe nacho kikatoa miche miwili. Mmoja utapelekwa Wundanyi. Mama mdogo amekwisha kuuliza kwa simu maua yake ni ya rangi gani. Naye, aliyekaa nyumba moja na mmea huo miaka mitatu, hakuwa na jibu.