Taa Zilikuwa Zinalia

Mwaka wa kwanza nilishika sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na si kwa kutosoma. Ukumbi wa mitihani wa chuo chetu, Dar es Salaam, ulikuwa na taa za tyubu zinazolia. Wenzangu hawakuzisikia. Mimi nilisikia mlio wake, feni inayokwaruza, karatasi zinazofunuliwa na viatu vya msimamizi kwenye vigae, vyote kwa pamoja, kama vimo ndani ya kichwa. Mtihani uliofuata niliziba masikio kwa pamba. Msimamizi akadhani nimeficha kifaa cha kuibia mtihani. Akanisimamisha mbele ya ukumbi mzima, akaichomoa ile pamba, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaondoka nayo. Nilipokaa, mkono uligoma kuandika. Nikakusanya karatasi tupu.

Nina usonji. Nililijua neno hilo nikiwa na miaka 21. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine: nyumbani mtoto mzito, shuleni mwenye kiburi asiyemtazama mwalimu usoni. Shangazi alishauri nipelekwe kupungwa. Simlaumu, alinitafutia nafuu kwa njia aliyoijua.

Baada ya matokeo yale nilianza kujificha. Nilikula saa tisa alasiri, kantini ikiwa tupu. Kazi za kikundi nilifanya sehemu yangu usiku na kuikabidhi mapema ili nisikae na wenzangu. Nilikwisha kujihesabu kuwa nitadisko, yaani nitaondolewa chuoni kwa kufeli.

Aliyenitoa huko ni mhadhiri wetu wa takwimu. Aliniita ofisini.

“Mwanangu, mazoezi yako ya semina yote ni mazuri. Kwenye mtihani unapatwa na nini?”

“Madamu, zile taa zinalia.”

Hakucheka. Kesho yake alikwenda ukumbini peke yake, akaziwasha, akasimama chini yake. Aliporudi aliniambia, “Kweli, zinalia.” Nililia pale pale ofisini kwake.

Sapu nilizifanyia katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Kilikuwepo miaka yote: ndimo wenzetu wasioona wanamofanyia mitihani kwa mashine za nukta nundu. Mashine hizo nazo zina kelele, lakini ni kelele moja, na ukijua inatoka wapi masikio yanaizoea. Nilifaulu zote mbili. Hakuna aliyenifungia mlango wa chumba kile. Ni kwamba hakuna aliyewaza kuwa mtu anayeona na kutembea angekihitaji, na mimi sikujua kuwa naruhusiwa kuomba.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 24 cha Mkataba kinataja elimu ya juu waziwazi: mwenye ulemavu aipate sawa na wengine na awekewe mazingira yanayomfaa. Hakikusema ni ulemavu unaoonekana kwa macho tu. Mimi nilihitaji chumba, maelekezo yaliyoandikwa badala ya kutangazwa kwa mdomo, na ruhusa ya kutoka darasani bila kuhojiwa mbele za watu. Chuo hakikununua kitu.

Sasa nami nasimamia mitihani. Msimamizi mwenzangu, ukimkuta kijana ameziba masikio kwa pamba, ikague kama kanuni inavyotaka, kisha mrudishie, na umwulize kwa sauti ya chini angependa kukaa wapi.